Daftari la Mtandaoni na Mwuzaji wa Ilula

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa sana katika masomo ya uwekaji hesabu, wala si rahisi kumpata mwalimu wa Biashara asiyeijua. Jambo ambalo methali haikulitaja ni kwamba mali huweza kupotea hata pale daftari lilipo. Tena ikapotea kwa habari nyingi, zilizoandikwa vizuri na kujumlishwa sawasawa, walakini zisiwe za kweli. Katika siku hizi ambapo madaftari ya maduka yanahamia katika mtandao wa intaneti, jambo hilo lastahili kutazamwa kwa makini kabla mifumo hiyo haijaenea kila mahali na desturi mbaya zikaota mizizi pamoja nayo.

Ilula ni mji mdogo wa Wilaya ya Kilolo, Mkoa wa Iringa, uliokaa kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya hata Zambia. Wasafiri wengi waujua kwa nyanya na vitunguu vyake. Gari litokalo pwani hupita Mikumi, likafika Ruaha Mbuyuni, likazipanda kona za Mlima Kitonga, ndipo liingie Ilula. Mji wa Iringa uko mbele zaidi, kilomita zipatazo 45.

Na ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba yuko mfanyabiashara mwenye maduka matatu ya rejareja, moja Ilula, la pili Iringa mjini na la tatu Mafinga, na bohari moja iliyoko Iringa. Lori lililobeba sabuni zake kutoka Dar es Salaam hupita mbele ya duka la Ilula bila kusimama, likaenda kushusha mzigo Iringa. Baada ya siku kadhaa, katoni zile zile hupakiwa katika gari dogo na kurudishwa Ilula. Mwenye mali hulipa nauli ya kilomita 45 za kurudi nyuma kwa sababu moja tu: siku lori lilipokuwa likipakiwa, hapakuwa na mtu aliyejua duka la Ilula limebakiwa na katoni ngapi. Lau angalijua, dereva angaliambiwa asimame nusu saa Ilula na kushusha katoni kadhaa.

Ugonjwa huu si mpya nchini Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, sehemu kubwa ya biashara ya jumla na ya kuagiza bidhaa kutoka nje iliwekwa mikononi mwa shirika la umma lililojulikana kwa herufi STC. Mwaka 1973 mpango huo ulibadilishwa, ikaundwa Bodi ya Biashara ya Ndani, na mikoa ikapata kampuni zake za biashara, zile RTC ambazo wazee wa Iringa na Mbeya hawajazisahau. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyokusudia maduka ya vijiji na ya ushirika yachukue nafasi ya maduka ya watu binafsi. Katika sehemu nyingi maduka ya watu binafsi yalifungwa kabla yale ya vijiji hayajapata bidhaa za kutosha wala watu waliozoea kuweka hesabu, na haukupita muda mrefu Serikali ikabidi kuisimamisha operesheni hiyo.

Mengi yamesemwa juu ya uhaba wa bidhaa wa miaka ile na ya iliyofuata: ukosefu wa fedha za kigeni, bei ya mafuta, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, viwanda vilivyokosa malighafi. Sababu hizo ni za kweli. Lakini ndani ya uhaba huo mlikuwa na uhaba mwingine usiotajwa mara nyingi, nao ni uhaba wa habari. Taarifa ya duka la kijiji ilisafiri kwa karatasi, pengine kwa mkono wa mtu aliyebahatika kupata gari. Ilipofika mkoani, ilieleza hali ya duka kama ilivyokuwa majuma mengi nyuma. Mgao ukikosa habari za leo hulazimika kufuata idadi ya kaya, au kufuata kile kilichotolewa mara iliyopita, ambacho nacho kilifuata kile cha kabla yake. Kwa njia hiyo kijiji kimoja chaweza kuletewa majembe pasipo chumvi, na cha jirani chumvi pasipo majembe, hali kila mmoja aliyehusika amefanya kazi yake kwa uaminifu.

Kilicho kipya leo ni kwamba habari yaweza kufika kabla ya lori. Mtandao wa kurasa uliopendekezwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989, alipokuwa katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, umeondoa haja ya kila duka kuwa na kompyuta kubwa na programu yake peke yake. Kanzidata moja hukaa katika seva. Mwuzaji wa Ilula, mtunza bohari wa Iringa na mwenye mali aliyeko safarini Mbeya hufungua kivinjari, hata cha simu ya mkononi, na wote wakasoma leja moja. Kila mauzo yaandikwapo, salio hupungua papo hapo mbele ya macho ya wote watatu. Msimbomilia, yaani ile mistari myeusi iliyochapwa juu ya pakiti, hupunguza makosa ya kuandika kwa mkono. Bidhaa ya kwanza kuuzwa dukani kwa kusomwa mistari ya aina inayotumika mpaka leo ilikuwa pakiti ya chingamu ya Wrigley, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, Marekani, tarehe 26 Juni, 1974. Siku hizi bidhaa nyingi za viwanda vya Tanzania zina tarakimu zake zenyewe, zikianza na 620.

Mfano mkubwa nchini wa vituo vingi vinavyotegemea ghala moja si wa sabuni, bali ni wa dawa. Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1993, ina maghala ya kanda, yakiwamo ya Iringa na Mbeya, na zahanati, vituo vya afya na hospitali za umma huomba dawa huko. Katika muongo wa 2010 maombi hayo yalianza kupitishwa katika mfumo wa mtandaoni ujulikanao kwa herufi eLMIS. Kanuni zinazoongoza kazi hiyo ni zile zile za duka la sabuni, ila atakayeondoka mikono mitupu ni mgonjwa.

Faida ya kujua salio la kila siku yaonekana vizuri katika hesabu, na hesabu yenyewe mwanafunzi wa Kidato cha Pili aweza kuifanya. Na iwe kwamba duka la Ilula huuza katoni 4 za sabuni kwa siku, na kwamba agizo huchukua siku 6 mpaka mali kufika. Katika siku hizo 6 zitauzwa katoni 24. Mwenye duka akingoja mpaka abakiwe na katoni 24 ndipo aagize, katoni ya mwisho itauzwa siku ile ile gari linapofika, ikiwa tu hapana kilichokwenda kombo. Lakini kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula upo Mlima Kitonga, na lori moja likiharibika katika kona zake, magari ya juu na ya chini husimama yote. Kwa hiyo huongezwa akiba ya tahadhari, ya siku 3 kwa mfano, yaani katoni 12, na kiwango cha kuagizia kikawa katoni 36. Mwalimu aweza kuziita katoni hizo 12 akiba ya Kitonga, na wanafunzi hawataisahau.

Kiasi cha kuagiza nacho kina kanuni yake, iliyochapishwa na Mmarekani Ford Whitman Harris mwaka 1913, miongo mingi kabla kompyuta haijaingia dukani. Huzidishwa mahitaji ya mwaka kwa gharama ya kuagiza mara moja, kisha kwa 2. Jibu hugawanywa kwa gharama ya kutunza katoni moja kwa mwaka mzima. Mwisho hutafutwa kipeuo cha pili. Duka likiuza siku 300 kwa mwaka, mahitaji ni katoni 1,200. Gharama ya agizo moja, pamoja na usafiri, ikiwa Shs. 54,000, na ya kutunza katoni moja kwa mwaka ikiwa Shs. 4,000, kipeuo cha pili cha 32,400 ni 180. Katoni 180 zatosha siku 45 za mauzo. Aagizaye kidogo kidogo mara nyingi humtajirisha mwenye gari; aagizaye nyingi mno kwa mara moja hulaza fedha zake sakafuni, na panya wakapata mahali pa kujificha.

Mfumo wa mtandaoni hufanya hesabu kama hii kwa bidhaa 500 katika muda usiozidi kufumba na kufumbua, wala hauchoki. Hata hivyo, yote yasimama juu ya tarakimu moja, nayo ni ile ya katoni zilizobaki. Tarakimu hiyo ikiwa ya uongo, kipeuo cha pili hakitaisahihisha.

Ni mara ngapi huwa ya uongo? Mwaka 2008 watafiti wawili, Nicole DeHoratius na Ananth Raman, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa kumbukumbu zipatazo 370,000 za bidhaa katika maduka 37 ya kampuni moja ya Marekani. Asilimia 65 ya kumbukumbu hizo hazikulingana na mali iliyokuwamo dukani. Hayo yalikuwa maduka ya nchi tajiri, yenye umeme na mitambo ya kusomea misimbomilia. Sioni ajabu, atasema mwenye duka aliyekomaa. Na kweli hapana sababu ya kudhani kwamba Ilula itafanya vizuri zaidi kwa kununua programu tu.

Yafaa kuchungulia nyuma ya kaunta ili kuona makosa yatokako. Sukari hununuliwa kwa gunia la kilo 50, lakini huuzwa kwa kilo, nusu na robo. Gunia lote likiuzwa kwa robo, lahitaji mapimo 200. Mwuzaji asiyetaka kumpunja mteja huacha mizani iinamie upande wa mteja kidogo. Na iwe gramu 5 kwa kila robo, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Gunia litakwisha akiwa amepata robo 196, si 200. Karibu kilo moja imekwenda, wala haikuibwa. Kwa magunia 10 ya mwezi ni kilo 10. Mfumo haujui habari ya mizani kuinama. Kwake gunia ni kilo 50 kamili, na kilichopungua ni upungufu, na upungufu una mtu wa kuulizwa.

Mche wa sabuni hukatwa vipande, na kisu hakikati sawa kila siku. Mafuta ya kupikia huchotwa kwa kipimo kutoka katika ndoo, na tone la mwisho hubaki ukutani mwa ndoo. Nyanya hazina msimbomilia kabisa, na tenga moja si sawa na jingine. Hata penye misimbomilia, mteja akichukua sabuni mbili za manukato tofauti lakini za bei moja, mwuzaji mwenye haraka huzisomea mistari ya sabuni moja mara mbili. Fedha zitakuwa sahihi kabisa, na leja itakuwa imekosea mahali pawili: aina moja itaonekana imepungua kuliko kweli, na ya pili imezidi. Wakati mwingine mfumo huonyesha kwamba duka lina katoni 3 pungufu ya sifuri. Hapana bohari iwezayo kuwa na katoni za namna hiyo. Kinachosemwa na alama ile ya kutoa ni kwamba mzigo ulipokewa na kuanza kuuzwa kabla haujaandikwa.

Makosa hayo ni ya mikono. Liko jingine la hila zaidi, kwa sababu halitokani na uzembe wa mtu yeyote. Mfumo huandika kilichouzwa. Hauandiki kilichoulizwa kikakosekana. Duka lile lile la Ilula likiletewa katoni 72 kwa mwezi wa siku 30, na likauza katoni 4 kila siku, litaishiwa siku ya 18. Siku 12 zilizobaki wateja watakuja, watauliza, watakwenda zao. Mwisho wa mwezi mfumo utagawanya 72 kwa 30 na kutangaza kwamba Ilula huhitaji katoni 2.4 kwa siku. Kwa hiyo mwezi ujao zitaletwa 72 tena, zitakwisha siku ya 18 tena, na makisio yataonekana kuwa sahihi bila kosa hata moja. Huu ndio mzunguko ule ule wa mgao wa zamani, ila sasa hufanywa kwa kasi na kwa desimali.

Dawa yake si ngumu. Mauzo yagawanywe kwa siku ambazo bidhaa ilikuwapo, si kwa siku zote za mwezi: 72 kwa 18 ni 4, na mahitaji ya mwezi ni katoni 120. Lakini ili hesabu hiyo iwezekane, lazima mfumo uwe na mahali pa kuandika siku ambazo bidhaa haikuwapo, na mwuzaji awe na hakika kwamba akiandika ukweli huo hatagombezwa. Katika ugavi wa dawa swali hilo huulizwa, na lafaa kuulizwa kila mahali. Zahanati iliyokosa dawa ya malaria nusu ya mwezi isije ikaonekana kuwa ni zahanati ya mahali pasipo na malaria.

Hapa ndipo suala la mashine linapogeuka kuwa suala la mtu. Ni desturi inayojulikana katika maduka mengi kwamba upungufu ukionekana, hukatwa katika mshahara wa mwuzaji. Zamani mwuzaji aliweza kumwonyesha tajiri wake daftari na kubishana naye mstari kwa mstari. Katika mfumo wa mtandaoni tarakimu hutoka mahali asipopajua, kwa njia asizozielewa, nayo huja na sauti ya sayansi. Wengi hunyamaza na kulipa.

Yaliyotokea Uingereza yanatosha kuwa onyo. Kuanzia mwaka 1999 Shirika la Posta la huko liliweka katika matawi yake maelfu mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon, uliotokana na kampuni iliyokuwa mali ya Fujitsu ya Japani. Mengi ya matawi hayo yalikuwa katika maduka madogo, yakiendeshwa na wenyeji wa vijiji na mitaa. Mfumo ulionyesha upungufu ambao haukuwapo. Wasimamizi walipokana, kompyuta iliaminiwa kuliko wao. Mpaka mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani kwa makosa kama ya wizi na hesabu za uongo. Wako waliofungwa, wako waliouza nyumba zao ili kulipa fedha ambazo hawakuzichukua, na wako waliojiua. Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo ulikuwa na kasoro ziwezazo kuleta upungufu wa namna ile, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria maalumu ya kufuta hukumu hizo. Yote hayo yalitokea katika nchi yenye wahandisi wengi, mawakili wengi na magazeti mengi. Mwuzaji wa duka la rejareja katika Nyanda za Juu Kusini hana hata kimoja cha vitu hivyo karibu naye.

Wala mfumo peke yake haujapata kuliokoa duka. Uchumi ya Kenya, iliyofunga matawi yake ya Tanzania na Uganda mwaka 2015, na Nakumatt, iliyowekwa chini ya msimamizi wa kisheria Januari 2018, hazikukosa kompyuta. Rafu zao zilibaki tupu kwa kuwa waliowaletea bidhaa hawakulipwa. Hilo ni jambo jingine, lakini lafaa kukumbukwa na anayeuziwa programu kwa ahadi kubwa.

Lipo pia suala la mtandao wenyewe. Jumapili ya tarehe 12 Mei, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa kusini, na mawasiliano ya intaneti yakadhoofika Tanzania na katika nchi jirani kwa siku kadhaa. Mfumo ukiwa na seva katika nchi ya mbali, siku kama zile maduka mawili ya mkoa mmoja hushindwa kuulizana katoni ngapi zimebaki kwa sababu waya umeharibika chini ya bahari. Na hapana haja ya kungoja bahari. Umeme ukikatika Ilula asubuhi, matokeo ni yale yale. Mwuzaji hatamfukuza mteja kwa sababu kivinjari kinazunguka. Atauza, ataandika katika kipande cha karatasi, na jioni kile kipande kitakuwa kimefungiwa karanga.

Tiba yake hutoka katika hesabu za shule ya msingi. Ilula ilikuwa na katoni 100 mtandao ulipokatika. Mwuzaji akauza 12, simu yake ikaandika salio la 88. Wakati huo huo bohari ya Iringa, ambayo mtandao wake ni mzima, ikaandika katoni 30 zilizoshushwa Ilula na lori, na seva ikaonyesha 130. Mtandao uliporudi, simu ikapeleka salio lake la 88, nalo likafuta lile la 130. Katoni 30 zimetoweka katika leja, na kesho zitatafutwa mfukoni mwa mtu. Lakini kama simu ingalipeleka tendo, yaani kutoa 12, badala ya kupeleka salio, seva ingalifanya 100 kuongeza 30 kutoa 12, au 100 kutoa 12 kuongeza 30. Kwa vyovyote jibu ni 118. Kujumlisha hakujali nani ametangulia kufika. Kinachohitajika zaidi ni kila tendo kupewa namba yake ya pekee, kama namba ya stakabadhi, ili likitumwa mara mbili na mtandao unaokatikakatika lihesabiwe mara moja tu. Wako watengenezaji wa programu wanaolijua jambo hili vizuri, na wako wasiolijali. Mnunuzi aweza kuwatambua kwa kuwataka wazime intaneti kutwa nzima mbele yake huku duka likiendelea kuuza.

Basi mfumo wa mtandaoni ni chombo chema, na mfanyabiashara wa maduka matatu atakuwa mjinga akiukataa. Nauli ya zile kilomita 45 peke yake yaweza kuulipia. Lakini usiingizwe dukani bila masharti. La kwanza na kubwa kuliko yote ni kwamba kioo na rafu vikipingana, rafu ndiyo ya kuaminiwa. Mali ihesabiwe kwa mkono, si mara moja kwa mwaka kwa kufunga duka, bali kidogo kila siku: duka la bidhaa 300 likihesabu bidhaa 10 kila jioni, kwa siku 30 limekwisha kujikagua lote bila kumfungia mteja mlango. Tofauti ikionekana, iandikwe kama tendo jipya lenye sababu yake, kama vile kuvunjika, mizani au kupokea pungufu. Tarakimu ya zamani isifutwe, ili mwenye macho aweze kuona kosa lilianza wapi. Baada ya miezi michache sababu hizo zitamfundisha mwenye duka mengi zaidi kuliko programu yenyewe. Tena mwuzaji asikatwe hata senti moja kabla mali haijahesabiwa na watu wawili, yeye akiwa mmojawapo, na kabla hajaonyeshwa orodha ya matendo yote yaliyoleta upungufu huo. Programu isiyoweza kutoa orodha hiyo haifai kumshitaki mtu.

Wako watakaosema kwamba kuhesabu kwa mkono ni kurudi nyuma, na kwamba maana ya kununua mtambo ilikuwa kuacha kuhesabu. Hoja hii husikika sana kutoka kwa wauzaji wa mitambo. Fundi apimaye joto la tanuri hulinganisha kipimajoto chake na kingine kilichothibitishwa, wala hapana anayemwambia kwamba amerudi nyuma. Leja ya mtandaoni nayo ni chombo cha kupimia, na kila chombo cha kupimia husahihishwa kwa kitu chenyewe kinachopimwa.

Shule za sekondari zaweza kulifanya jambo hili kuwa somo bila kungoja kompyuta. Shule ya bweni ina ghala la mahindi, maharage, mafuta na sukari, na ina leja yake. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu wakigawanywa wawili wawili, kila wawili wakapewa bidhaa moja, wanaweza kwanza kusoma salio la leja, kisha kupima kilichomo ghalani, kisha kueleza tofauti kwa sababu zinazopimika: unyevu uliokauka katika mahindi, mizani iliyoinama, debe lililojazwa kwa kilele siku moja na kwa kufutwa siku ya pili. Wale wa Hisabati watafute wastani wa tofauti hizo. Wale wa Fizikia wakague mizani. Kazi yote yaweza kumalizika kwa juma moja. Kinachohitajika ni leja, mizani, penseli na ruhusa ya mtunza ghala, ambayo yafaa kuombwa siku kadhaa mapema, na yeye mwenyewe akaribishwe kuhesabu pamoja nao. Hesabu ya kushtukiza ingemfanya aone kana kwamba amekwisha kushitakiwa.